Dawa za baharini na saratani ya ubongo: matumaini yapo, lakini hayauzwi kwa chupa sokoni

Katika masoko ya mashariki mwa Kongo, si ajabu kumkuta muuzaji amepanga chupa na makopo juu ya meza, kipaza sauti mkononi, akiisifu dawa moja inayotibu presha, kisukari, ugumba na saratani kwa pamoja. Mara nyingine anaongeza kwamba dawa hiyo imetoka baharini: ni unga wa mwani, ni mafuta ya samaki, ni chumvi ya kilindi fulani. Akiulizwa kama inatibu hata saratani ya ubongo, ile ambayo wengi huiita kansa ya kichwa, jibu lake ni lile lile: inapona.

Maneno ya namna hii yana nguvu kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba watafiti wametafuta dawa za saratani baharini kwa zaidi ya miaka 70. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa hizo zinatumika leo hospitalini. Na ni kweli kwamba moja kati yake ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa wa saratani ya ubongo. Lakini kati ya ukweli huo na chupa ya sokoni kuna safari ndefu, na jamaa zilizohama makwao kwa sababu ya vita zinaombwa kuilipia safari hiyo kwa fedha zao za mwisho, bila kufika popote.

Matumaini yanayotoka baharini yapo, ila kwa ugonjwa huu mengi yake yangali maabara. Mgonjwa wa Kivu au Ituri anahitaji kwanza vitu vingine, ambavyo vinajulikana, ambavyo baadhi yake ni vya bei ndogo, na ambavyo viongozi wana wajibu wa kuvifikisha kwake. Mwenye kumuuzia bahari ndani ya chupa anamwibia fedha, na pia anamwibia muda.

Dawa zilizotoka baharini kweli

Sifongo ni mnyama wa chini ya bahari. Hana miguu ya kukimbilia, hana meno ya kuuma, hana ganda la kujificha. Kama viumbe vingi vya namna yake, anajilinda kwa kutengeneza kemikali zenye sumu dhidi ya wanaotaka kumla au kumsongamanisha. Kemikali hizo ndizo zilizowavuta watafiti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Werner Bergmann, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha habari za kemikali ngeni alizozikuta katika sifongo wa pwani ya Florida. Zilifanana sana na vipande ambavyo seli hutumia kunakili maandishi yake ya urithi kabla ya kugawanyika. Wengine wakafuata mfano huo, na mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, ikatengenezwa dawa iitwayo sitarabini. Seli ya saratani huipokea ikidhani ni kipande cha kawaida, kisha hukwama katikati ya kazi na kufa. Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwaka 1969. Leo inatumika duniani kote kwa saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima.

Sitarabini imefika hata kwenye ubongo. Kuna aina moja ya saratani, iitwayo limfoma, ambayo huweza kuanzia ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 79 wa aina hiyo. Kwa waliopewa dawa ya metotreksati peke yake, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 18. Kwa waliopewa metotreksati pamoja na sitarabini, ulitoweka kwa asilimia 46. Kwa hiyo anayesema kwamba bahari haijawahi kumsaidia mgonjwa wa ubongo naye anakosea.

Ila msikilizaji azingatie jambo moja. Hakuna mgonjwa hata mmoja kati ya hao aliyekula sifongo. Dawa ilitengenezwa maabara, ikapimwa kwa miligramu, ikaingizwa mwilini chini ya macho ya waganga, huku damu yake ikichunguzwa kila mara, maana sitarabini hushusha chembe za damu hadi mtu kuweza kufa kwa ambukizo dogo.

Mfano mwingine ni dawa ya eribulini, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2010 kwa saratani ya matiti. Asili yake ni kemikali iliyogunduliwa katika sifongo wa Japani miaka ya 1980. Baadaye watafiti walivuna sifongo wa aina nyingine katika bahari ya Nyuzilandi, na tani nzima ikawapa takriban miligramu 300 tu za kemikali hiyo. Ni kiasi kisichojaa hata kijiko cha chai. Ilibidi wakemia wajifunze kuitengeneza kwa mikono, hatua baada ya hatua, kwa miaka mingi. Muuzaji anayesema ana makopo mia moja ya nguvu ya bahari chini ya meza yake aelezwe hesabu hii.

Kwa nini ubongo ni shida

Saratani za ubongo ni nyingi, lakini ile inayoogopwa kupita zote kwa watu wazima huitwa glioblastoma. Haikai mahali pamoja kama jiwe ndani ya maharagwe. Inatuma mizizi kati ya seli nzima za ubongo, hivi kwamba daktari wa upasuaji hawezi kuing'oa yote bila kuondoa pia uwezo wa mgonjwa wa kusema, kutembea au kukumbuka. Anakata kile anachoweza, kinachobaki hukua tena.

Shida ya pili ni ulinzi wa ubongo wenyewe. Mishipa ya damu inayoingia ubongoni imezibwa vizuri kuliko ya sehemu nyingine za mwili, ili sumu na vijidudu visipite. Ulinzi huo ni baraka kwa mtu mzima, lakini siku ya ugonjwa unazuia pia dawa. Dawa nyingi zinazoua seli za saratani vizuri kwenye sahani ya maabara hazivuki mlango huo.

Tiba ya kawaida inayotolewa duniani leo iliwekwa msingi na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusisha wagonjwa 573. Baada ya upasuaji, nusu yao walipata tiba ya mionzi peke yake, na nusu nyingine mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi. Wastani wa kuishi ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi miezi 14.6. Walioishi miaka miwili walipanda kutoka kama mmoja kwa kumi hadi zaidi ya mmoja kwa wanne. Huo ndio ushindi mkubwa uliopatikana.

Ugonjwa huu hauchagui cheo. Mwaka 2015 ulimwua Beau Biden, mtoto wa aliyekuwa wakati huo makamu wa rais wa Marekani. Mwaka 2018 ulimwua seneta John McCain. Wanaosema kwamba dawa ipo ila wakubwa wanaificha wajiulize: wanaificha mpaka kwa watoto wao?

Bakteria ya Bahamas na tumaini lililopimwa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti William Fenical na Paul Jensen wa taasisi ya bahari ya Scripps, huko California, walichota matope chini ya bahari ya Bahamas. Ndani yake walipata bakteria ambazo hazikuwa zimejulikana, zinazohitaji chumvi ya bahari ili kuishi. Baadaye moja ilipewa jina la Salinispora tropica. Mwaka 2003 kikundi chao kilitangaza kwamba bakteria hiyo inatengeneza kemikali yenye nguvu kubwa dhidi ya seli za saratani. Kemikali hiyo ikawa dawa ya majaribio, ikaitwa marizomibu.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka kwa mfano wa jikoni. Ndani ya kila seli mna kitu kama kinu, ambacho kazi yake ni kusaga protini zilizochakaa. Seli ya saratani hufanya kazi haraka kupita kiasi, hivyo takataka zake ni nyingi na inakitegemea kinu hicho sana. Marizomibu inakwamisha kinu. Takataka zinarundikana, seli inazama ndani ya uchafu wake yenyewe. Na tofauti na dawa nyingine za aina hiyo zilizotangulia, marizomibu inaweza kuvuka ule mlango wa ubongo.

Kila kitu kilionekana kupangika: kiumbe kipya, kemikali yenye nguvu, njia ya kuingia ubongoni. Majaribio ya kwanza kwa wagonjwa wachache yalitia moyo. Mwaka 2018 likaanza jaribio kubwa katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wagonjwa 749 waliogunduliwa kuwa na glioblastoma walikubali kugawanywa kwa kura: wengine wapate tiba ya kawaida, wengine tiba hiyo pamoja na marizomibu.

Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2024. Waliopata tiba ya kawaida waliishi wastani wa miezi 17. Walioongezewa dawa ya bahari waliishi wastani wa miezi 16 na nusu. Hakukuwa na faida. Madhara makali nayo yaliwapata wengi zaidi katika kundi la marizomibu, takriban asilimia 43 dhidi ya asilimia 20: kuumwa kichwa, kuyumba wakati wa kutembea, hata kuona na kusikia vitu visivyokuwepo.

Wengine watasikia habari hii na kusema kwamba basi yote ilikuwa bure. Hawana haki. Wagonjwa wale 749 waliwafanyia kazi watu wasiowajua. Kwa sababu yao, leo hakuna daktari atakayempa mgonjwa wa glioblastoma dawa hiyo akimwongezea maumivu bila kumwongezea siku. Na waliofanya utafiti hawakuificha aibu yao. Walisema hadharani: tumepima, haikusaidia. Hapo ndipo mtu anapotambua tofauti kati ya mtafiti na mchuuzi. Mtafiti huhesabu hata waliokufa. Mchuuzi wa chupa huwataja waliopona peke yao, nao hawana majina wala kijiji.

Watafiti wanaendelea kuchunguza sifongo, mwani, konokono wa baharini na bakteria za vilindini. Pengine siku moja kitapatikana kinachofanya kazi dhidi ya glioblastoma. Kitakapopatikana, kitakuja na hesabu, si na kipaza sauti. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kivu inaijua safari ya dawa

Watu wa Kivu hawahitaji kwenda Bahamas ili kuelewa jambo hili. Wana mti wa kinini. Kwa miaka mingi maganda ya mti huo yamevunwa katika milima ya Kivu na kupelekwa Bukavu, kwenye kiwanda cha Pharmakina, ili kutolewa dawa ya malaria. Wazee wengi waliwahi kuchemsha ganda hilo nyumbani. Wanajua kwamba linaponya. Wanajua pia kwamba ukizidisha, masikio yanavuma, macho yanafifia, na moyo unaweza kusimama.

Tangu mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipotenganisha kinini na ganda lake, mganga anaweza kupima: mtoto wa kilo kumi apate kiasi hiki, mama wa kilo sitini apate kiasi kile. Dawa ni ile ile ya mti. Kilichoongezwa ni kipimo, usafi na ushahidi. Bila vitu hivyo vitatu, ganda la mti uleule huokoa mmoja na kumwua mwingine.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuwatukana waganga wa kienyeji wala kucheka majani yao. Dawa nyingi za hospitali zimetoka kwenye mimea, nyingine zimetoka baharini. Swali la kumwuliza mwenye chupa si kama imetoka kwenye asili. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Swali ni: mna kitu gani ndani, kiasi gani, nani alikipima, na kwa wagonjwa wangapi?

Unga wa mwani, kwa mfano, una ayodini nyingi. Kidogo chake kinasaidia, kikizidi kinaweza kuvuruga tezi ya shingo. Baadhi ya mitishamba huidhoofisha dawa ya kifafa ndani ya mwili, na mgonjwa wa uvimbe wa ubongo ambaye degedege zake zilikuwa zimetulia anaanza kuanguka tena. Jamaa inasema ugonjwa umezidi, kumbe ni chupa.

Jamaa zilizohama ndizo zinazolipa

Mfa maji haachi kutapatapa. Familia iliyokimbia Masisi, Rutshuru, Djugu au Fizi, iliyoacha shamba, mbuzi na nyumba, na sasa inaishi kambini au katika familia ya mapokezi, haina nafasi ya kukosea mara mbili. Baba akianza kuanguka kifafa, au mama akishindwa kusema asubuhi moja, watoto watauza kile kilichobaki: simu, kitenge kizuri, fungu la likelemba. Chupa moja haitoshi, muuzaji anasema tiba ni chupa sita. Zikiisha, anasema mgonjwa hakufuata masharti.

Fedha hizo zingeweza kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali kuu ya marejeo. Na muda huo ni wa thamani zaidi ya fedha, kwa sababu dalili zinazofanana na saratani ya ubongo mara nyingi zinatokana na ugonjwa mwingine unaotibika. Malaria kali inafikia kichwa. Homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu kilichopanda ubongoni, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayogeuka vifuko ndani ya ubongo, yote huleta kifafa na maumivu makali. Tegu wa nguruwe ni sababu kubwa ya kifafa katika nchi nyingi za Afrika, na ana dawa zake. Anayempa mtu huyo unga wa mwani kwa miezi mitatu anamnyima uponyaji ambao ulikuwepo.

Dalili zinazotaka mtu apelekwe kwa muuguzi bila kungoja zinajulikana: maumivu ya kichwa yanayozidi wiki hadi wiki, hasa ya asubuhi yanayokuja na kutapika, kifafa kinachoanza kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho, mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, macho kuona viwili au kufifia, maneno kupotea, tabia ya mtu kubadilika hadi jamaa wasimtambue. Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wengi, kwa sababu majirani huona mapepo au uchawi mahali ambapo uvimbe unasukuma ubongo. Mama mzee aliyebadilika tabia ameshapigwa na kufukuzwa na watu waliomwita mchawi, mahali ambapo picha moja ya skaneri ingesema ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na anayeyapa maradhi jina la uchawi humfichia mwenzake.

Hata pale ambapo ni saratani kweli na upasuaji hauwezekani, zipo dawa ambazo zinaleta nafuu. Deksametazoni hupunguza uvimbe kuzunguka saratani, na mgonjwa aliyekuwa haongei anaweza kurudi kuongea na watoto wake kwa muda. Fenobarbitali au karbamazepini hutuliza kifafa. Morfini ya kunywa huondoa maumivu makali. Zote ni dawa za zamani zilizomo katika orodha ya OMS, wala hazingoji ugunduzi mpya kutoka bahari yoyote. Hazimponyi mtu saratani, na hakuna mtu mwaminifu atakayesema zinamponya. Zinampa siku zenye heshima, aseme aliyonayo moyoni, asamehe na asamehewe, aagane na watu wake akiwa na akili timamu.

Lawama isiishie kwa mchuuzi

Ni rahisi kumfukuza muuzaji wa chupa sokoni. Kesho atarudi, kwa sababu meza yake inajaza nafasi iliyoachwa wazi. Watu hawanunui unga wa mwani kwa kuwa ni wajinga. Wananunua kwa sababu muuzaji yuko karibu, anawasikiliza na anawaita kwa majina, wakati hospitali iko mbali, inadai fedha mlangoni, na mara nyingi haina mashine ya kuona ndani ya kichwa.

Skaneri ni chache mno kwa ukubwa wa Kongo, na IRM ni nadra zaidi. Tiba ya mionzi, kwa mgonjwa wa Kivu, mara nyingi maana yake ni kuvuka mpaka: Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kuitoa mwaka 2019, au Kampala. Na hata huko si salama daima. Mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa hospitali ya Mulago, iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katika muda huo maelfu ya wagonjwa walikosa pa kwenda nchini humo. Nchi yenye mashine moja haina mashine, ina bahati.

Februari 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mpango wa kuzisaidia nchi zisizo na tiba ya mionzi ya kutosha, na Kongo ilitajwa kati ya nchi za kwanza kunufaika. Raia wana haki ya kuuliza sehemu ya mashariki ina nafasi gani katika mpango huo. Mashine ikiwekwa Kinshasa peke yake, mwenye uvimbe kichwani huko Beni, Bunia au Uvira atabaki mbali nayo kama alivyo mbali na Bahamas. Barabara ya kumfikisha haipo, ndege ni ya wenye dola, na vita vimefunga viwanja na njia.

Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Ahadi hiyo ina zaidi ya miaka 20 sasa. Hakuna anayedai kwamba hospitali ya Kivu ianze kesho kuchunguza bakteria za baharini. Kinachodaiwa kiko karibu zaidi: skaneri inayofanya kazi katika kila jimbo, na fundi wa kuitengeneza; bei ya picha ambayo aliyehama anaweza kuimudu au kuondolewa; na morfini ya kunywa inayofika hadi kituo cha afya.

Kuhusu morfini, mfano uko jirani. Uganda si nchi tajiri, lakini tangu mwaka 1993, Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na daktari Anne Merriman, morfini ya maji imetengenezwa na kugawiwa huko, na serikali ikakubali wagonjwa waipate bila malipo. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa waiandike wenyewe, bila kungoja daktari asiyekuwepo kijijini. Kama Kampala imeweza, hakuna sababu ya Goma, Bukavu na Bunia kushindwa, wawe viongozi wa upande wowote wanaoshika miji hiyo. Maumivu ya mgonjwa hayaulizi nani anasimamia kizuizi cha barabarani.

Mashirika yanayowasaidia waliohama nayo yana la kusikia. Kambini kuna mipango ya kipindupindu, surua na utapiamlo, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini mtu anahama na saratani yake pia. Daftari la kambi lisilo na safu ya magonjwa ya muda mrefu linamfanya mgonjwa huyo asionekane, na asiyeonekana hupatwa na mchuuzi wa kwanza anayepita.

Cha kufanya tangu leo

Jamaa yenye mgonjwa wa kichwa iende kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na ieleze kila kitu, pamoja na chupa ambazo mgonjwa ameshakunywa. Muuguzi mwema hatagomba, anahitaji kujua. Ikiwa kituo kimeshindwa, jamaa iombe karatasi ya kupelekwa hospitali kuu ya marejeo, maana bila karatasi hiyo mlango unakuwa mgumu. Aliye kambini amwambie mwakilishi wa kamati ya waliohama jina la ugonjwa na tarehe ulipoanza, yaandikwe.

Wachungaji, mapadri na maimamu wanasikilizwa kuliko redio. Wakisema kutoka mimbarini kwamba kifafa cha mtu mzima ni jambo la hospitali, na kwamba kumwombea mgonjwa hakuzuii kumpeleka, wataokoa watu ambao hakuna dawa ya baharini iliyowaokoa mpaka sasa. Wakuu wa masoko na waganga wakuu wa zoni za afya nao wana uwezo wa kumwuliza kila mwenye kipaza sauti karatasi ya kibali cha dawa anayoiuza. Asiye nayo afunge meza.

Na muuzaji atakapokuja tena na kopo la mwani akisema linaponya saratani ya ubongo, aulizwe swali moja mbele ya watu wote: wagonjwa wangapi walipewa, na wangapi bado wanaishi? Watafiti wa marizomibu walilijibu swali hilo, ijapokuwa jibu liliwauma. Na yeye alijibu kwanza, kabla hajapokea hata franga moja.